Kikombe Kilichofunikwa

Baltazar Kapinga alikuwa na msemo wake, na aliupenda zaidi penye watu wengi: karatasi haijawahi kumdanganya, naye hajawahi kuidanganya karatasi. Aliusema harusini, aliusema matangani, na Jumatano ile asubuhi aliusema tena mbele ya bohari la bandari ya Mbamba Bay, akiwa ndani ya sweta la Mbinga kwenye joto la ziwani, jasho likimshuka mpaka kwenye soksi.

Aliyeambiwa safari hii ni Gertrude Ndunguru, na Gertrude hakucheka.

"Basi iulize hii," alisema, akamwonyesha mlango.

Mlango ulikuwa na lakiri ya forodha, inaning'inia kama hereni. Nyuma yake yalilala magunia mia nne ya maharage ya kikundi cha wakulima wa Mkumbi. Yalipaswa kuwa yameshavuka kwenda Malawi wiki mbili nyuma. Yalikuwa bado hapa, yananyonya unyevu wa ziwa, na ukitega sikio kwenye mbao ungewasikia fukusi wakitafuna bila kuulizwa kibali na mtu.

Baltazar alikuwa wakala wa forodha kama mawakala wengine kumi na mmoja wa Mbinga na Nyasa. Ila mwaka juzi aligundua kwamba muhuri mmoja uliokuwa ukizunguka pale mjini ulichongwa kwa soli ya kandambili, na tangu siku hiyo umoja wao ukamfanya mchunguzi. Panapotokea karatasi yenye harufu, anaitwa yeye. Harufu ya kandambili aliitambua kwa mita kumi, na hadithi ile aliirudia hadi watu wa Mbinga wakaanza kuvaa viatu wakimwona.

Leo harufu ilikuwa ya namna nyingine. Zamani maharage ya kuvuka ziwa yalikaguliwa hapa hapa bandarini, mkaguzi wa mimea anachoma gunia, anachungulia, anaandika cheti. Kisha ukatoka waraka mpya uliogeuza mambo: mkaguzi ayaone maharage ghalani kwa mkulima kabla gunia la kwanza halijapanda lori, na namba ya cheti chake iingie kwenye kadhia, ile karatasi ya kuitangazia forodha mzigo. Gertrude alipakia kwa utaratibu wa zamani na kadhia akaijaza kwa utaratibu wa zamani.

Kwa kosa la kutojua, forodha wangemkemea, maharage yakakaguliwa, yakaondoka. Lakini Gertrude hakushtakiwa kwa kutojua. Alishtakiwa kwa kujua na kudanganya, kwa sababu forodha walikuwa na nakala ya ukurasa mmoja wa daftari la mawakala, kama umoja unavyowapelekea kila wiki, na kwenye ukurasa ule, kando ya waraka uliosomwa Jumatatu ya siku tatu kabla ya lori kupakiwa, palikuwa na saini yake. Ijumaa kamati ya leseni ilikuwa inakaa Songea. Leseni yake ikifutwa, maharage nayo yanataifishwa. Wakulima wa Mkumbi walishaambiwa hivyo.

Baltazar alifanya kazi kama anavyofanya mtu anayejua anatazamwa. Alipiga picha lakiri. Akanakili namba yake, kisha akainakili tena. Akamwomba mtunza bohari daftari la mapokezi, akaona lori liliingia Ijumaa saa tano asubuhi. Ndipo akamgeukia Gertrude na kumuuliza Jumatatu ile alikuwa wapi.

"Mkumbi. Tangu Jumapili baada ya misa mpaka Alhamisi tulipopakia. Nilikuwa napima magunia. Simu kule mpaka upande kilimani, na mimi magoti haya yamenistaafisha vilima."

"Na saini?"

"Si yangu."

"Imefanana, dada."

"Hata mapacha wanafanana, Balta. Akifa mmoja humziki mwenzake."

Baltazar aliandika jibu hilo, kwa kuwa lilikuwa tamu. Gertrude alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono magotini, akitazama ziwa lilivyotulia kana kwamba nalo halikuambiwa kitu. Miaka sita nyuma, Baltazar alipotoka sekondari akiwa hawezi kutofautisha kadhia na kadi ya kliniki, mwanamke huyu alimkalisha kwenye meza yake na kumfundisha mstari kwa mstari. Kalamu ya kwanza ya kazi alipewa na yeye.

"Nimeuzwa," alisema Gertrude. "Na aliyeniuza anakunywa chai na mimi kila Jumatatu. Hilo ndilo linaniuma kuliko maharage."

Baltazar akamwahidi kwamba kabla ya Ijumaa atamletea jina la mtu huyo.

"Wewe nakuamini," alisema Gertrude. "Nilikufundisha mwenyewe."

Baltazar akapanda pikipiki yake akaondoka, na sweta likaanza kupata maana barabara ilipoanza kupanda kuelekea Mbinga.

Ofisi ya umoja ni chumba kimoja nyuma ya duka la pembejeo, kina meza ndefu, viti vya plastiki, na harufu ya mbolea inayopenya ukutani. Ndani yake hufanyika jambo ambalo mawakala wa miji mikubwa wangelicheka, kisha wakaliiga kimyakimya. Linaitwa kusomeana.

Sheria za mpakani hubadilika kama hali ya hewa ya Mbinga: asubuhi ukungu, mchana jua, jioni waraka. Waraka mwingine unakuja kwenye mfumo, mwingine kwenye tovuti, mwingine unarushwa kwenye simu na mtu asiyejulikana na baadaye unabainika kuwa wa nchi nyingine. Na karibu zote zimeandikwa Kiingereza cha mahakamani, sentensi moja ndefu kama mteremko wa kwenda ziwani. Wakala mmoja hawezi kuzimaliza. Kwa hiyo mawakala wa Mbinga waliamua zamani: kila Jumatatu saa mbili, mmoja kwa zamu asome nyaraka zote za wiki, azigeuze Kiswahili, wenzake wabishe mpaka wachoke, kisha kila mtu asaini mbele ya jina lake.

Asiyekuwepo, nafasi yake inaachwa wazi. Mwenyekiti akiona nafasi wazi, anatoa nakala ya nyaraka na kumpelekea mwenye jina kwa bodaboda kabla ya saa kumi jioni siku hiyo hiyo, awe Ukata, awe Namswea, awe majini. Na ukikosa Jumatatu tatu ndani ya mwaka, jina lako linakatwa, unabaki kujisomea peke yako. Gertrude alikuwa ameshakosa mbili.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Nazari Hyera, karani wa forodha mstaafu aliyegeuka wakala, mtu anayevaa tai hata akienda kuchota maji. Baltazar alimwamkia shikamoo, akajibiwa marahaba, wakaketi. Mzee akalifungua daftari kwa vidole viwili kama anayemfungua mgonjwa bandeji.

Majina kumi na mawili, saini kumi na mbili. Ya Gertrude ilikuwa pale, ile G yake yenye mkia unaorudi chini ya jina kama paka anayejikunja. Pembeni ya mkia palikuwa na doa la mafuta, la duara, ukubwa wa sarafu. Karatasi pale ilikuwa imegeuka kioo, unaona hadi maandishi ya ukurasa wa nyuma.

Baltazar akauinua ukurasa kwenye mwanga wa dirisha. Akaushusha upesi kuliko alivyouinua.

"Umeona nini?" aliuliza Mzee Nazari.

"Mafuta, mzee."

"Ya nini?"

"Mafuta tu. Daftari linakaa karibu na maandazi."

Na mchunguzi yule yule aliyenakili namba ya lakiri mara mbili hakuliandika doa lile hata mara moja.

Mzee akaeleza upande wake. Jumatatu ile yeye hakuwepo, alikuwa msibani Namswea, na alimwachia Adrian Mapunda asome na aendeshe. Adrian alisoma vizuri, kila mtu anakubali. Mzee aliporudi saa nane mchana akalichukua daftari, akahesabu nafasi zilizo wazi ili ajue bodaboda wangapi awaite. Hakuona hata moja isipokuwa yake. Yake mwenyewe aliisaini baada ya kuusoma waraka mara mbili.

"Ningeona nafasi moja tu wazi," alisema, "karatasi ingemkuta Gertrude Mkumbi siku ile, mkononi, magunia yakiwa bado hayajashonwa midomo. Huyo aliyemsainia, hata kama alimpenda namna gani, alimfumba macho kwa mkono wake."

Baltazar akaomba maji ya kunywa. Alipoyamaliza, mzee alikuwa akimkumbusha utaratibu: kila aliyekuwemo chumbani ahojiwe, na maelezo ya kila shahidi yasomwe kwa sauti mbele ya mtuhumiwa kabla hayajasainiwa.

"Kila aliyekuwemo," alirudia mzee. "Hata mama wa chai."

Baltazar akacheka kidogo, akasema mama wa chai atamweka mwisho. Aliyemtaka kwanza ni Methodi Nchimbi.

Na kwa kweli ukitaka mtu wa kumshuku, Methodi alikuwa amekaa vizuri kama kuku aliyekwishanyonyolewa. Wiki ile ile maharage ya Gertrude yalipozuiwa, maharage ya Methodi, magunia mia mbili, yalivuka ziwa yakiwa na cheti kipya, namba mahali pake, kila kitu. Mnunuzi ng'ambo alikuwa mmoja kwa wote wawili, na mnunuzi huyo sasa alikuwa anampigia simu Methodi tu.

Ofisi ya Methodi ilikuwa safi hadi inakera. Kila waraka umetobolewa na kuwekwa kwenye faili, kila faili lina tarehe mgongoni. Baltazar aliingia na mfuko wa maandazi aliyoyanunua njiani, akaweka mezani, akamkaribisha mwenyeji kwake mwenyewe. Methodi akausogeza mfuko kwa ncha ya kalamu.

"Tangu Pasaka sigusi. Kisukari. Daktari ameniachia matango na maombi."

Baltazar akala lake, akala na la Methodi, akafungua kitabu chake cha kumbukumbu. Akauliza ilikuwaje Methodi akaujua waraka ule barabara kiasi kile, wakati mwenzake ameingia nao shimoni.

Methodi akasema hakuna uchawi. Jumatatu alikuwepo, akasikiliza. Kisha akarudi ofisini, akautafuta waraka wenyewe kwenye mfumo, akausoma kwa kidole, na pale alipokwama akampigia wakala mwenzake wa mpaka wa Kasumulu, maana mageuzi mengi huwauma watu wa Kasumulu kwanza ndipo yashuke huku. Ndivyo anavyofanya kwa kila waraka.

"Waraka ni kama dawa," alisema. "Jirani akikusomea kibandiko, shukuru, halafu kisome mwenyewe."

"Na Gertrude hukumwambia?"

"Nimwambie nini mtu aliyesaini? Jumatatu iliyofuata niliona jina lake limesainiwa, nikadhani alisikilizia kwenye simu."

"Siku yenyewe hukumwona mtu akimsainia?"

"Niliondoka mapema. Nilisaini yangu nikatoka, daftari nikaliacha mezani. Mlibaki wawili watatu."

"Wawili watatu nani?"

Methodi akamtazama. Akaweka kalamu chini, taratibu.

"Si na wewe ulikuwemo, Balta? Unaniuliza mimi?"

Baltazar akasema yeye ndiye anayeuliza hapa. Akaandika, na aliandika akiwa ameinama sana: Methodi Nchimbi anakiri kulishika daftari siku hiyo na kuliacha mezani, ana masilahi na mnunuzi. Akasoma kwa sauti. Methodi akasikiliza hadi nukta ya mwisho.

"Nilikusimamia ndoa yako," alisema. "Nilibeba pete zako mfukoni siku mbili nikiogopa hata kulala. Sasa niambie kweli, ndugu yangu, umekuja kumtafuta mwenye kosa, au umekuja kutafuta kichwa kinachoenea kofia?"

Baltazar akajibu kwa utani, kwamba kichwa cha Methodi ni kikubwa mno, kofia nyingi hazikienei. Utani ukaanguka sakafuni, hakuna aliyeuokota. Alipotoka, Methodi hakumsindikiza mpaka nje, jambo ambalo kwa Mmatengo aliyelelewa vizuri ni sawa na kukutupia mawe.

Nje alikaa juu ya pikipiki, akapanga hoja zake kama alivyozoea. Masilahi: yapo. Nafasi ya kutenda: ipo. Akachora namba tatu, ya kile kinachomwunganisha mtu na saini yenyewe. Hapo kalamu ikasimama. Mtu wa matango na maombi haachi doa la mafuta kwenye karatasi. Baltazar akaitazama namba tatu kwa muda, kisha akaifuta, hoja zikabaki mbili.

Simu ikaita. Alikuwa Gertrude, kutoka bandarini, anauliza kama kuna lolote. Kulikuwa na njia nyingi za kumjibu, na baadhi yake zilikuwa za kweli.

"Naona inaelekea kwa Methodi," alisema Baltazar.

 Gertrude akasema, kwa sauti ndogo ambayo Baltazar hakuwahi kuisikia kwake, kwamba Methodi ndiye baba wa ubatizo wa mwanawe wa mwisho. Jumapili hii mtoto anapata komunyo ya kwanza, na Methodi alishanunua viatu.

"Mwambie asije," alisema. "Viatu abaki navyo."

Simu ikakatwa. Baltazar akabaki ameishika sikioni, kisha akaitazama kana kwamba ndiyo iliyosema neno lile la Methodi.

Alhamisi saa tatu asubuhi walikutana ofisini. Ukungu ulikuwa umekaa hadi mlangoni. Mzee Nazari aliketi kichwani mwa meza na daftari mbele yake. Gertrude alikuwa amepanda kutoka ziwani alfajiri, amejifunga kitenge mabegani, anatetemeka kama watu wa joto wanavyotetemeka Mbinga. Baltazar alikuwa na karatasi nzuri za mistari, kalamu, na andazi.

Shahidi wa mwisho aliingia na birika. Mama Notburga alikuwa akiwapikia chai mawakala tangu kusomeana kulipoanza. Mbinga inalima kahawa na kunywa chai, na chai ya Jumatatu ilikuwa yake. Vikombe vyake vya bati vilikaa kwenye sinia, kumi na viwili, kila kimoja kimeandikwa jina kwa rangi ya kucha, maana zamani waligombania kile kisicho na pengo. Aliyekuwepo, kikombe chake kinageuzwa na kumiminiwa. Asiyekuwepo, kikombe chake kinabaki kimefunikwa, mdomo chini.

Akakigeuza cha Gertrude, akakimiminia chai, akamsogezea. Gertrude akakishika kwa mikono miwili bila kunywa.

Baltazar alianza kwa heshima zote. Shikamoo mama, habari za wajukuu, habari za magoti. Kisha maswali, na yalikuwa maswali membamba, yaliyokatwa kwa kipimo. Jumatatu ile mama alikuwepo chumbani? Alikuwepo. Methodi Nchimbi naye alikuwepo? Alikuwepo, akanywa chai kavu, bila sukari, bila andazi. Methodi alilishika daftari? Alilishika. Aliliacha mezani? Aliliacha.

"Asante sana mama. Inatosha."

Akaandika haraka, huku mkono wa kushoto ukimalizia andazi, kisha akaishika karatasi kwa mkono huo huo na kuisoma kwa sauti kama utaratibu unavyotaka: mimi Notburga, mpika chai, nilimwona Methodi Nchimbi akilishika daftari siku hiyo na kuliacha mezani. Sina la kuongeza. Akaisogeza mbele yake pamoja na kalamu, akamwonyesha kwa kidole mahali pa kusaini.

Mama Notburga hakuichukua kalamu. Aliichukua karatasi. Akatoa miwani kwenye kifundo cha khanga, ikiwa imefungwa kwa uzi upande mmoja, akaivaa, akaanza kusoma midomo ikienda. Baltazar akasema kwamba ameshasoma yeye, mama asijisumbue.

"Nimesoma misale kanisani miaka ishirini, baba. Mistari minne hainisumbui." Akafika mwisho. "Hapa umeandika sina la kuongeza. Hilo sikulisema."

"Ni maneno ya kawaida tu, mama. Yanawekwa."

"Basi yatoe. Ninalo la kuongeza, ila hukuniuliza. Nyinyi watu wa karatasi mnaulizana karatasi. Hakuna aliyeniuliza vikombe."

Mzee Nazari akainua kichwa. Akamwambia mama aseme la vikombe.

Akasema polepole, akiwa anamwangalia Gertrude, si Baltazar. Siku ile kikombe cha Gertrude kilikaa kimefunikwa mwanzo hadi mwisho. Cha mzee pia, alikuwa msibani. Vingine kumi vilinyweka. Watu wakasaini, wakatoka, akabaki Adrian anakusanya nyaraka zake, na akabaki mmoja mwingine, aliyekuwa amechelewa kumaliza maandazi.

"Huyo alilivuta daftari, akacheka peke yake. Akasema, dada Gertrude akikosa leo watamkata jina, nitampigia baadaye nimweleze. Adrian alikuwa amegeuka, anahangaika na waya wa simu yake. Mimi nilikuwa nafuta meza. Akasaini, mkono mmoja kalamu, mkono mmoja andazi. Hata nikamwambia, mwanangu, unachafua kitabu."

Hakutaja jina. Chumbani mle hakukuwa na aliyelihitaji.

Mzee Nazari akalifungua daftari kwenye ukurasa ule. Akanyoosha mkono, akayachukua maelezo ya shahidi mezani, akayalaza kando ya daftari. Pembeni mwa karatasi mpya, pale Baltazar alipoishika kwa mkono wa kushoto, palikuwa na doa la duara, ukubwa wa sarafu, bado linang'aa. Mzee alizitazama karatasi zote mbili, akavua miwani yake, akaifuta kwa tai.

Baltazar alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue, msemo haukuwepo.

Gertrude ndiye aliyesema.

"Kwa nini hukunipigia?"

"Nilipiga, dada. Hukupatikana."

"Mara ngapi?"

Ukungu ulikuwa unaanza kuachia dirisha. Duka la mbele mtu alikuwa akiuliza mbegu za mahindi.

"Mara moja," alisema Baltazar. "Halafu nikasahau. Nilitaka kukusaidia. Haki ya Mungu, dada, nilitaka jina lako lisikatwe."

"Hilo nimelisikia. Hilo labda ningelisamehe, hata na maharage yakiliwa." Aliongea bila kupandisha sauti, kama alivyokuwa akimfundisha zamani, mstari kwa mstari. "Jana umeliona daftari. Umeujua mkono wako. Halafu nimekupigia, ukaniambia Methodi."

 Gertrude akatoa simu, akaitazama kama anayetafuta namba, kisha akaiweka mezani bila kupiga, maana aliyotakiwa kumwambia Methodi hayakuenea kwenye simu. Akakisukuma mbali kikombe chake, chai ikiwa imejaa.

Mzee Nazari akasema maelezo yaandikwe upya, yote, ili yawahi Songea kabla ya kamati kesho. Akamwambia Baltazar ayaandike yeye, kwa kuwa ndiye mchunguzi na hajavuliwa bado. Baltazar akachukua karatasi nyingine. Aliandika yote: vikombe, andazi, maneno aliyoyasema, jina lake kamili la ubatizo. G ya Gertrude ilimtoka vibaya, haikufanana kabisa na ile ya daftarini. Alipomaliza akaisoma kwa sauti, kama utaratibu unavyotaka, akaisogeza mbele ya Mama Notburga na kumpa kalamu.

Mama akaisoma tena mwenyewe, midomo ikienda. Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akavua miwani, akaifunga kwenye kifundo cha khanga, na kalamu akairudisha upande wa pili wa meza, mpaka ikagusa vidole vya Baltazar.

"Nisainie wewe, mwanangu," alisema. "Si ndiyo umezoea."